Karatasi, Kishikwambi, Wino wa Kielektroniki au Simu: Usomee Wapi Katuni Zako?

Mtu anapotoka kutazama filamu ya shujaa aliyezaliwa katika kurasa za katuni, mara nyingi hubaki na hamu ya kumjua zaidi. Black Panther alipata filamu yake mwenyewe mwaka 2018, lakini mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby walikuwa wamekwisha kumtambulisha kwa wasomaji mwaka 1966, katika toleo la 52 la Fantastic Four, na kati ya miaka hiyo miwili kuna zaidi ya nusu karne ya visa ambavyo filamu ya saa mbili na ushei haiwezi kuvibeba. Hamu hiyo ni njema, nami naijua vizuri, maana ndiyo iliyonifikisha kwenye katuni. Ugumu huanza pale mpenzi mpya anapojiuliza visa hivyo avisomee wapi: kwenye karatasi kama zamani, kwenye kishikwambi chenye kioo angavu, kwenye kifaa cha wino wa kielektroniki, au kwenye simu ambayo tayari imo mfukoni.

Neno katuni hutumika pia kwa picha zinazotembea kwenye runinga. Katika ulinganisho huu nalitumia kwa hadithi zilizochorwa kwenye visanduku ili zisomwe, ziwe za Marekani, za Ulaya, za Japani au za Korea Kusini. Nimezisoma kwa njia zote nne, si kama mkusanyaji wala mtaalamu bali kama mtu anayesoma jioni kwa kujifurahisha, na nimegundua kwamba wengi wetu tunaanza kuchagua kutoka upande usiofaa. Tunazisoma sifa za kifaa kipya, tunavutiwa na wembamba na kasi yake, kisha tunazilazimisha katuni ziingie humo. Inafaa kuanza na ukurasa, kwa sababu ukurasa ulichorwa kwa ukubwa na umbo maalumu, na kifaa chochote ama kitauheshimu ama kitaubana.

Ukubwa wa ukurasa na ukubwa wa skrini

Katuni za Marekani huchapwa kwenye ukurasa wenye upana wa karibu sentimita 17 na urefu wa karibu sentimita 26. Albamu za Ufaransa na Ubelgiji ni kubwa zaidi, kiasi cha sentimita 22 kwa 29, na ndiyo maana wachoraji wa huko huweza kujaza ukurasa mmoja visanduku kumi na zaidi, kila kimoja na majengo yake na umati wake wa watu, bila msomaji kukaza macho. Manga za Japani zikikusanywa katika juzuu huwa ndogo, takriban sentimita 11 kwa 17, nazo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Webtuni za Korea Kusini, zilizoanza kushamiri kwenye intaneti mwanzoni mwa miaka ya 2000, hazina ukurasa kabisa: ni ukanda mmoja mrefu ambao msomaji huuteremsha kwa kidole.

Vipimo hivyo vikiwekwa kando ya vipimo vya skrini, mengi hujibainisha yenyewe. Kishikwambi cha inchi 13 (inchi za skrini hupimwa kutoka pembe hadi pembe) chenye uwiano wa pande wa 4 kwa 3, yaani urefu kwa upana, kina kioo chenye upana wa karibu sentimita 20 na urefu wa sentimita 26, kwa hiyo ukurasa wa Marekani hukaa humo kwa ukubwa wake halisi. Kishikwambi cha inchi 11 chenye uwiano huohuo huupunguza hadi kiasi cha asilimia 86, upungufu ambao macho huuzoea baada ya kurasa chache. Kifaa cha wino cha inchi 7 huushusha ukurasa huohuo hadi asilimia 55, na hapo maneno ndani ya viputo vya mazungumzo huanza kuwa taabu, ingawa ukurasa wa manga kwenye kifaa hichohicho hubaki na zaidi ya asilimia 80 ya ukubwa wake. Simu ya inchi 6.5, ambayo upana wa kioo chake haufiki sentimita 7, huubakiza ukurasa wa Marekani kwenye asilimia 40 ya upana wake. Asilimia 40 ya upana na asilimia 40 ya urefu ni asilimia 16 tu ya eneo, na mchoro uliotengenezwa kwa eneo lote hauwezi kusema yale uliyokusudiwa kusema katika sehemu moja ya sita.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo ya vifaa hayalitaji, nalo ni uwiano wa pande. Vishikwambi vingi huwa na uwiano wa 4 kwa 3 au wa 16 kwa 10. Ukurasa mmoja wa Marekani, kifaa kikisimamishwa wima, hujaza takriban asilimia 97 ya skrini ya 16 kwa 10, lakini hujaza asilimia 86 tu ya ile ya 4 kwa 3, na nafasi inayobaki huwa mapengo meusi pembeni. Ukikilaza kifaa ili uone kurasa pacha, yaani mchoro mmoja ulioenea kurasa mbili zinazotazamana, matokeo hugeuka: skrini ya 4 kwa 3 hujaa karibu yote, huku ile ya 16 kwa 10 ikiachia karibu sehemu moja ya tano bure. Albamu za Ulaya nazo hukaa vizuri zaidi kwenye 4 kwa 3, kwa kuwa ukurasa wake una takriban uwiano huohuo. Kwa hiyo mpenzi wa albamu za Ulaya na mpenzi wa mashujaa wa Marekani wanaweza kununua vishikwambi viwili tofauti vyenye inchi sawa, na kila mmoja akawa amechagua vizuri.

Karatasi haina hesabu hizi, kwa kuwa ukurasa wake ndio kipimo. Kasoro yake moja katika umbo huonekana kwenye juzuu nene zilizogandishwa kwa gundi, ambamo katikati ya kurasa pacha humezwa na mgongo wa kitabu, na uso wa mhusika ukichorwa hapo hukatika vipande viwili. Toleo jembamba lililofungwa kwa pini hufunguka wazi lote, na kishikwambi kilicholazwa huonyesha mchoro mzima bila mkunjo. Katika kurasa pacha, nakiri kwamba kioo huishinda juzuu nene.

Rangi, na weusi wa kweli

Kishikwambi ndicho chenye nguvu zaidi kwenye rangi. Kioo cha OLED, ambamo kila pikseli, yaani kila kitone kidogo cha picha, huwaka kwa nuru yake yenyewe, kinaweza kuzima kabisa sehemu ya picha iliyo nyeusi, kwa hiyo usiku uliochorwa huwa usiku kweli, na taa ya mbali ndani ya usiku huo hung'aa kama ilivyokusudiwa. Kioo cha LCD hutegemea taa iliyo nyuma yake, na weusi wake huelekea kijivu, hasa ukisoma gizani. Kwa katuni zilizotiwa rangi kwa kompyuta, ambazo ndizo nyingi za miongo ya karibuni, OLED huonyesha kazi karibu na vile mtia rangi alivyoiona mbele yake.

Mambo ni tofauti kwa katuni za zamani, na hapa ningependa mpenzi mpya asikilize kwa makini. Kwa miongo mingi katuni za Marekani zilichapwa kwenye karatasi ya gazeti, iliyofyonza wino na kuufifisha. Watia rangi walijua hivyo, wakachagua nyekundu kali na manjano kali wakitarajia karatasi izipoze. Rangi hizohizo zikihamishwa kama zilivyo hadi kwenye karatasi inayong'aa au kwenye skrini hutoka kwa ukali ambao hakuna aliyeukusudia. Ukisoma visa vya miaka ya 1960 kwenye kishikwambi ukahisi vinakupigia kelele, usidhani wachoraji hawakuwa na kipaji. Punguza mwangaza wa kioo, washa rangi zenye joto ambazo vifaa vingi huwa nazo kwa matumizi ya usiku, na utaona michoro ikitulia. Wapo wachapishaji wanaotoa juzuu za visa hivyo kwenye karatasi isiyong'aa ili kurudisha ile hali ya mwanzo, na kwa kazi za zama hizo sijaona kilicho bora kuliko juzuu kama hizo.

Wino wa kielektroniki unahitaji kuelezwa kidogo kabla ya kulinganishwa. Ndani ya skrini yake mna vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na ndani ya kila kifuko mna chembe nyeupe na nyeusi zenye chaji za umeme zinazopingana. Umeme ukielekezwa upande mmoja, chembe nyeupe hupanda juu. Ukigeuzwa, hupanda zile nyeusi. Zikishapanda hubaki hapo bila kuhitaji umeme, na kwa sababu hiyo betri ya kifaa cha namna hii huhesabiwa kwa wiki badala ya saa. Sony ilileta kifaa cha kwanza cha kusomea cha teknolojia hii nchini Japani mwaka 2004, na Kindle ya Amazon ikafuata mwaka 2007, lakini kwa miaka mingi vifaa hivyo vilibaki na rangi ya kijivu tu.

Vile vya rangi, kama Kobo Libra Colour na Kindle Colorsoft, vyote vya mwaka 2024, hutumia chujio la rangi lililowekwa juu ya wino uleule mweusi na mweupe. Katika Kaleido 3, mojawapo ya teknolojia za skrini za namna hiyo, maandishi meusi huonekana kwa pikseli 300 kwa kila inchi, bali rangi huonekana kwa pikseli 150, na idadi ya rangi ni 4,096. Chujio hilo humeza sehemu ya mwanga, kwa hiyo weupe wa ukurasa huwa na kijivu kidogo na rangi huwa za upole, zikikumbusha gazeti lililokaa siku nyingi. Kuna wanaoupenda upole huo, na kwa katuni zenye rangi chache tulivu mimi pia naupenda. Hata hivyo, anayetarajia miale ya moto na anga za filamu atasikitika.

Kwa msomaji wa manga peke yake, ushauri wangu ni kinyume cha anachosikia dukani: asilipie rangi. Manga nyingi ni nyeusi na nyeupe, na chujio la rangi ambalo hatalitumia litamfifishia ukurasa na kumwekea chembechembe kidogo juu ya kila mchoro. Kifaa cha wino mweusi na mweupe chenye pikseli 300 kwa inchi kitampa mistari safi zaidi. Msongamano huo wa pikseli una umuhimu wa pekee katika manga, kwa kuwa vivuli vyake hutengenezwa kwa vitone vidogo vilivyopangwa kwa safu, na skrini yenye pikseli chache ikivipunguza vitone hivyo hutokeza mawimbi na michirizi isiyokuwemo kwenye mchoro. Aliyewahi kuona shati la mhusika likiwa na mawimbi ya ajabu kila anapobadilisha ukubwa wa ukurasa anajua jinsi jambo hilo linavyoondoa raha ya kusoma.

Ukurasa mzima au kisanduku kimoja kimoja

Filamu humwamulia mtazamaji atazame nini na kwa muda gani, wakati katuni humwachia msomaji uamuzi huo. Anaweza kukaa dakika nzima kwenye kisanduku kimoja, akarudi nyuma, akatupa jicho chini ya ukurasa kabla ya kufika huko. Mchoraji hodari hupanga ukurasa akilijua hilo: visanduku vidogo vidogo huharakisha pumzi, kisanduku kirefu huituliza, na jambo la kushtua huwekwa upande wa pili wa karatasi ili mkono wa msomaji wenyewe ulifichue kwa kugeuza ukurasa.

Simu na vifaa vidogo vililazimika kutafuta njia ya kuukwepa udogo wao, na njia iliyojulikana zaidi ni ile iliyoenezwa na duka la comiXology, lililoanzishwa mwaka 2007, la kumpitisha msomaji kisanduku kimoja baada ya kingine huku kila kimoja kikikuzwa hadi kujaza skrini. Kwa anayetoka kwenye filamu, njia hii ni daraja zuri, kwa sababu inamzuia kupotea kwenye ukurasa wenye mpangilio mgumu, na inampa mshtuko mdogo kila anapogusa kioo. Lakini mpangilio wa ukurasa hupotea. Kisanduku kilichochorwa kidogo makusudi, ili kionyeshe upweke, hukuzwa kikawa sawa na kisanduku cha vita, na tofauti iliyobeba maana hufutika. Nilipokisoma kwa mara ya kwanza kwenye karatasi kisa ambacho nilikuwa nimekimaliza chote kwenye simu, niliona kwamba ukurasa mmoja ulikuwa umepangwa kama ngazi inayoshuka pamoja na huzuni ya mhusika, na kwenye simu ngazi hiyo haikuwepo kabisa.

Webtuni zimelimaliza tatizo hilo kwa kuukataa ukurasa tangu mwanzo. Mchoraji wake hupima muda kwa nafasi tupu: akitaka msomaji asubiri, huacha pengo refu jeupe au jeusi kati ya picha mbili, na kidole kikiteremka hakijui kitakutana na nini. Hapa simu haiombi msamaha kwa kifaa chochote. Webtuni kwenye kishikwambi kikubwa huonekana pana kupita kiasi, kwenye kifaa cha wino huacha mabaki ya picha zilizopita kila ukanda unaposogea, na zikichapwa kwenye karatasi hukatwa na kupangwa upya katika kurasa, zikapoteza ule mteremko uliozipa uhai.

Macho, mikono na mwanga

Ukisoma juani, karatasi na wino wa kielektroniki hupata nguvu kutokana na jua lenyewe, kwa kuwa vyote viwili huonekana kwa mwanga unaoviangukia. Kishikwambi na simu hushindana na jua, na mara nyingi hushindwa, hasa ukurasa ukiwa na giza jingi, maana kioo hugeuka na kukuonyesha uso wako. Ndani ya chumba chenye mwanga hafifu mambo hubadilika: kioo chenye nuru yake hufaa, kifaa cha wino kilichowekewa taa za pembeni hufaa, na karatasi huhitaji taa ya mezani. Macho huchoka kwa sababu mojawapo ya kutopepesa kope mara kwa mara tunapokodolea skrini, kwa hiyo kuyapumzisha kila baada ya toleo moja ni tabia njema kwa kifaa chochote kile.

Uzito nao hupimwa vibaya dukani, ambako mtu hukishika kifaa kwa nusu dakika. Kobo Libra Colour ina karibu gramu 200 na inashikika kwa mkono mmoja kwa saa nzima. iPad ya kwanza ya mwaka 2010 ilikuwa na kiasi cha gramu 680, na iPad Pro ya inchi 13 ya mwaka 2024 imeshuka hadi chini ya gramu 600, lakini hata huo ni uzito wa kuegemeza kwenye mto au goti. Juzuu kubwa zinazokusanya matoleo makumi kwa pamoja zinaweza kuzidi kilo 2, nazo husomwa mezani tu. Toleo moja jembamba la kurasa 32, kwa upande mwingine, ni jepesi kuliko vyote, na halihitaji chaji.

Katika kasi, wino wa kielektroniki ndio wa mwisho. Ukurasa wenye picha huchukua muda kidogo kutokea, skrini humetameta inapojisafisha, na kukuza sehemu ya ukurasa kwa vidole viwili ni kazi inayojaribu subira. Kwa manga, ambayo kila ukurasa husomwa mzima na kwa haraka, jambo hili halisumbui sana. Kwa katuni kubwa za rangi zinazohitaji kukuzwa kila mara, linasumbua kweli.

Ni chako, au umepewa ruhusa ya kukisoma?

Hapa karatasi huviacha vifaa vyote nyuma, na ningependa mpenzi mpya alijue hili kabla hajanunua chochote. Ukinunua kitabu cha karatasi, unaweza kumwazima rafiki, kumpa mdogo wako, kukiuza au kukiweka kabatini miaka thelathini. Ukinunua katuni katika maduka mengi ya kidijitali unanunua leseni ya kuisoma ndani ya programu ya duka hilo kwa masharti yake. Mwaka 2009 Amazon ilifuta kwa mbali nakala za vitabu viwili vya mwandishi George Orwell kutoka kwenye vifaa vya wateja waliokuwa wamekwisha kuvilipia, kwa kuwa aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza. Fedha zilirudishwa, lakini wasomaji walitambua kuwa mlango wa maktaba yao ulikuwa na ufunguo mwingine mikononi mwa mtu mwingine. Duka la comiXology lenyewe lilinunuliwa na Amazon mwaka 2014, na mwishoni mwa mwaka 2023 programu yake ikafungwa na wasomaji kuhamishiwa kwenye ile ya Kindle.

Ipo njia ya kati. Baadhi ya wachapishaji na wachoraji wanaojitegemea huuza faili zisizo na kufuli, mara nyingi za PDF au za CBZ. Faili ya CBZ ni mkusanyiko wa picha za kurasa uliobanwa kwa mfumo wa ZIP tu, kwa hiyo hata programu unayoitumia leo ikitoweka, kurasa zako bado zitafunguka. Pale ninapoweza kuchagua, hulipia faili ya namna hiyo na kuhifadhi nakala mbili mahali tofauti.

Usajili wa kila mwezi ni jambo jingine tena. Marvel, mchapishaji wa Black Panther, kwa mfano, ina huduma iliyoanza mwaka 2007 inayomfungulia msomaji maelfu ya matoleo kwa malipo ya kila mwezi. Kwa mtu aliyetoka kwenye filamu akiwa hajui aanzie wapi, sioni kilicho bora: anaweza kusoma matoleo matatu ya mhusika mmoja, akaachana naye, akajaribu mwingine, bila rafu yake kujaa vitabu asivyovipenda. Hamiliki chochote, lakini bado hajajua anachotaka kumiliki.

Karatasi pia ina adui zake. Karatasi ya gazeti ina lignini, kiambato cha mti ambacho kikikutana na mwanga na hewa huigeuza kuwa ya manjano na kuifanya ikatike kwa urahisi. Unyevu huikunja, na wadudu huila. Vitabu vya karatasi hudai nafasi, na anayehamahama atavihisi kila anapofunga mizigo, wakati kishikwambi kimoja hubeba mamia ya matoleo bila kuongezeka uzito.

Kama utatazama pia filamu humohumo

Wengi wanataka kifaa kimoja kwa mambo yote mawili, na hilo ni ombi la haki. Kifaa cha wino hujiondoa chenyewe, kwa kuwa hakiwezi kuonyesha filamu kwa namna inayofaa. Kati ya vishikwambi, kumbuka kwamba filamu nyingi kubwa hupigwa kwa umbo pana la 2.39 kwa 1. Kwenye skrini ya 4 kwa 3 filamu kama hiyo hutumia asilimia 56 tu ya kioo, na kwenye ile ya 16 kwa 10 hutumia asilimia 67. Anayegawa jioni zake kati ya filamu na katuni za Marekani atanufaika na 16 kwa 10 pande zote mbili. Anayesoma albamu za Ulaya, au anayependa sana kurasa pacha, achukue 4 kwa 3 na avumilie mapengo meusi juu na chini ya filamu.

Nani achague nini

Msomaji wa webtuni asinunue kitu. Simu aliyonayo inamtosha, na fedha alizokusudia kununulia kifaa aziweke kwenye kuwalipa wachoraji kwa sura mpya. Msomaji wa manga peke yake achukue kifaa cha wino mweusi na mweupe cha inchi 7, au cha inchi 10 kama macho yake yanapenda mchoro mkubwa, kwa kuwa kwenye skrini ya inchi 10.3 ukurasa wa manga huonekana mkubwa kuliko ule wa karatasi. Msomaji wa mashujaa wa Marekani anayetaka kusoma mengi achukue kishikwambi cha OLED cha inchi 11 pamoja na usajili wa mwaka mmoja, na asiyeweza kupata OLED asihuzunike, maana LCD nzuri ya ukubwa huo ni bora mno kuliko simu ya bei yoyote. Inchi 13 naipendekeza kwa msomaji wa albamu za Ulaya tu, au kwa yule ambaye macho yake yanahitaji maandishi makubwa.

Karatasi siipendekezi kwa kila kitu, ingawa ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Naipendekeza kwa kile kisa ambacho umekisoma kwenye kioo, ukakimaliza, na baada ya mwezi bado unakifikiria. Kisa hicho kitafutie juzuu yake, kwa karatasi isiyong'aa kama ni cha zamani.

Na kabla ya kulipia kifaa chochote, fanya jaribio hili la dakika kumi. Tafuta vipimo vya skrini unayoitaka kwa sentimita, ukate karatasi nyeupe kwa vipimo hivyo, kisha chapa au chora humo ukurasa mmoja wa katuni unayoipenda ukiupunguza hadi uenee. Uweke umbali ule unaokalia kawaida ukisoma, kwenye taa ile unayosomea, na ujaribu kusoma kiputo chenye maneno madogo kuliko vyote.